Homoni za Ngamia Mbele ya Mkwe

Mwaka ule serikali iliporuhusu watu binafsi kununua pamba, baba yangu Athanasi alielewa kwamba sasa kila kitu kimeruhusiwa. Akaleta kijijini kwetu Nkololo ngamia wawili, dume na jike, ili wazaane na yeye auze maziwa ambayo hakuna aliyeyaomba.

Kiangazi chote dume alikuwa na adabu kuliko bweni letu zima la shule. Mvua zilipoanza akaacha kula. Akatoa povu, akasaga meno, akawa anatoa mdomoni kitu chekundu kama puto huku akikoroma. Kisogoni alivuja majimaji meusi yenye harufu isiyoandikika kwa heshima.

Bibi Kwandu, mama mzaa mama, alikuja kututembelea akamkagua.

"Fahali akisumbua anahasiwa. Mhasini huyu, atavuta jembe."

Kwetu mtu hamtazami mama mkwe usoni, sembuse kujadiliana naye korodani. Baba akainama.

"Sawa, mayu," yaani mama.

Mradi wake wote ulikuwa ndani ya korodani zile mbili, naye akaagiza koleo la kuhasia.

Mimi nilikuwa likizo, na nilikwisha kusoma barua ya bwana mifugo, aliyempima ngamia damu mwezi wa saba na tena baada ya mvua kuanza. Mjukuu na bibi ni watani, hivyo sheria hainihusu.

"Bibi, mumeo huyu ngamia si mkorofi."

"Mume wangu? Na midomo hiyo?"

"Barua inasema kiangazi homoni ya kiume ilikuwa kidogo, kama nyama kwenye mchuzi wa shule. Sasa imepanda mara nyingi, hata sukari ya damu imepanda. Mvua zikikatika vinashuka vyenyewe, anakuwa mpole."

"Kumbe ana msimu?"

"Ndiyo. Fahali wetu hana, yeye anao. Ukimhasi, baba hapati ndama hata mmoja."

Koleo lilikuwa limeshafika. Bibi aliligeuzageuza mkononi, kisha akauambia ukuta:

"Athanasi, ulijua?"

Baba akaujibu mlango. "Nilijua, mayu."

"Ukanyamaza?"

"Ningesemaje, mayu?"

Bibi akacheka mpaka akashika ubavu. Akaamuru jike afunguliwe.

Baba akaingia ndani kwa heshima, akafunga mlango. Bibi akavuta kigoda, akatazama mpaka mwisho.