Mtoto Amelala

Ule ua wa milango minane haukumjua mhudumu wa afya kwa jina hilo. Humo aliitwa Redio, na mwenyewe aliitika. Jumanne ya kwanza ya kila mwezi alitokeza uchochoroni na begi mgongoni, mzani wa kuning'iniza ukigongana na chupa ya maji, na kabla hajatoa daftari alikuwa ameshajua nani kanuniana na nani. Hakuona aibu. Mdomo huo huo ndio uliowatoa ndani wanawake waliokuwa wakiikimbia kliniki. Mficha maradhi kilio humfichua, aliwaambia, na wakishacheka wanaleta watoto.

Kituo chake kilikuwa mlango wa kwanza, kwa msusi. Alimpima mtoto wa msusi, toto la mashavu, akaandika, kisha akapewa kigoda na chai. Hapo ua mzima ulikusanyika. Mtoto wa msusi alichukuliwa na yeyote mwenye mikono mitupu, akazungushwa vyumbani kama sahani ya karanga. Redio alikunywa, akamwaga habari, akaendelea na milango mingine. Mwisho kabisa alifika kwa mpiga pasi, binti mkimya aliyenyoosha nguo za watu kutwa katika chumba kisicho na dirisha. Alimkuta mtoto keshavalishwa kofia na suruali ya kupimia, tayari kuning'inizwa. Kilo tisa na gramu mia mbili. Miezi mitatu mfululizo uzito wake ulilingana na wa mtoto wa msusi, gramu kwa gramu. Redio alicheka, akasema hawa wawili wamekuwa pacha.

Jumanne ya mwezi uliofuata alimkuta msusi kahama. Mlango uko wazi, ndani hamna kitu ila nywele bandia zilizosukumwa pembeni na ufagio. Hakuna kigoda, hakuna chai. Kazi ilikwenda haraka, na ilipogonga saa nne alikuwa ameshafika mlango wa mwisho.

Mpiga pasi alisimama kizingitini, pasi bado mkononi.

"Mtoto amelala, shangazi."

Redio akasema vizuri, aliyelala halii. Akapita chini ya mkono wa yule binti, kama alivyozoea kupita kila mahali.

Kitandani, nyuma ya rundo la mashuka ya watu, kulikuwa na mtoto asiyemjua. Halafu akamjua. Ni yule yule aliyempima mwenyewe akiwa na miezi sita, ila alikuwa kama amerudishwa alikotoka. Uso wa kizee, macho wazi. Hakuwa amelala. Redio akavuta utepe wa kupimia unene wa mkono akauzungusha mkononi mwa mtoto, ukasimama kwenye nyekundu, rangi ya utapiamlo mkali, mbali kabisa na mpaka wa njano. Akabonyeza mguu uliovimba kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki. Akalisubiri lijae. Halikujaa.

"Nilikuwa nampima nani?" aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo kwenye daftari, limeandikwa mara mbili kila mwezi.

Mpiga pasi aliiweka pasi chini taratibu. Akaeleza bila kulia. Msusi alimwazima mtoto wake kila Jumanne ya kupima, huku Redio akinywa chai. Yeye binti alikuwa amekusudia iwe mara moja tu, mpaka mtoto wake apate nafuu.

"Lakini kwa nini, mwanangu? Mimi si nipo kwa ajili hiyo?"

"Mtoto wa mlango wa tatu ulimpima, ukaja ukasema kwa msusi ana mkono kama njiti ya kiberiti. Watu wakacheka. Wiki haikuisha, bibi yake akaja kumchukua, kwamba mama hajui kulea. Mpaka leo hajamrudisha." Alivuta pumzi. "Mama mkwe wangu anatafuta sababu kama hiyo. Nilikuogopa wewe, shangazi. Ugonjwa sikuuogopa hivyo."

Redio alikumbuka ile njiti ya kiberiti. Alikumbuka hata jinsi alivyoipenda siku ile, ilivyotoka vizuri mdomoni.

Walikwenda kituo cha afya kwa pikipiki moja, mtoto katikati yao, mwepesi kiasi kwamba kwenye matuta Redio alimkaza zaidi asije akapeperuka. Muuguzi alifungua kadi, akaona uzito wa miezi mitatu: kijani, kijani, kijani. Akauliza nani alipima. Redio akasema mimi.  Muuguzi akainama kutafuta mshipa, akautafuta mkono wa kulia, wa kushoto, mguu, kichwa. Nyuma yake mpiga pasi alikuwa akikunja kanga ya mtoto, pindo kwa pindo, sawasawa, kama nguo ya mteja.

Mtoto alifariki Alhamisi asubuhi. Mama mkwe alikuwa ameshafika. Habari zilimfikia zenyewe, hazikuhitaji redio. Baada ya maziko, mpiga pasi hakurudi tena uani. Mashuka ya watu yalikuja kuchukuliwa na wenyewe.

Jumanne iliyofuata Redio alirudi, nje ya ratiba. Aliona kunyamaza kutakuwa dhambi ya pili. Akaketi kwenye kizingiti cha chumba alichohama msusi, wanawake wakamzunguka, akawasimulia habari zake mwenyewe: njiti ya kiberiti, mtoto wa kuazima, kijani tatu. Akawaomba msamaha, akaapa kwamba kuanzia siku hiyo kitakachoonekana kwenye mzani kitabaki kwenye mzani. Walimsikiliza mpaka mwisho, na hakuna aliyemtukana. Mmoja akasema pole, dada. Kisha kila mmoja akakumbuka alichokiacha jikoni.

Siku ya kupima ilipowadia, alianza mlango wa pili. Mama wa hapo alifungua kiasi cha uso.

"Mtoto amelala."

Mama wa mlango wa tatu alikaa peke yake siku hizi, hakuwa na wa kupimwa. Wa nne, mtoto amelala. Wa tano naye amelala, na wa sita. Mlango wa saba ulisema hivyo hivyo, na nyuma yake mtoto akakohoa, kikohozi kikavu, kirefu, cha siku nyingi. Redio akauinua mkono abishe tena. Ndani, mtu akamziba mtoto mdomo.