Siku Mjomba Alipokuwa Mto

Mkuu wa chuo hakuniuliza mengi. Alinitazama juu ya miwani yake akasema, "Alhamisi asubuhi utafundisha darasa la Kiingereza la watu wazima. Mimi nitakaa nyuma kabisa. Nikikusikia, kazi ni yako."

Hilo "nikikusikia" ndilo lililoninyima usingizi. Kwenye usaili wa kwanza nilioitwa baada ya chuo, nilijibu maswali yote vizuri, ila hakuna aliyejua. Kwenye wa pili, mwenyekiti aliinuka akafunga dirisha, akazima feni, akaniomba nirudie, nami nikasahau jina langu. Siumwi kitu. Nikitazamwa tu na watu wengi, sauti yangu hunywea kama sweta lililofuliwa kwa maji ya moto.

Somo nililopewa lilikuwa neno moja: "over". Nikacheka. Neno fupi hivyo! Nilipofungua kitabu nikakuta lina kurasa tatu.

Kwetu hakuna pa kujificha kusoma, maana sebule yetu ni karakana ya magodoro. Mama hukata kitambaa, Mjomba hujaza pamba na kushona, na Bibi hukaa karibu na mlango akichambua pamba na kuchambua wapita njia. Nyumba ina kanuni yake. Godoro halitoki mpaka wote tumelilalia, na likitoka, wote waliolijaribu hulipeleka. Mjomba hushika mbele, Mama nyuma, Bibi hutangulia mikono mitupu kufungua milango.

"Mteja akiwa na swali," Mjomba husema, "amuulize nani? Godoro?"

Basi aliponisikia nanong'ona peke yangu na kitabu, aliweka sindano chini. "Hilo somo limejaribiwa?"

"Bado, Mjomba."

"Na unataka kulipeleka hivyo hivyo? Lete hapa. Hilo neno maana yake nini?"

"Juu ya. Lakini si kama kikombe juu ya meza. Kama mtu anaporuka mto."

"Mto wa maji au wa kulalia?" Bibi akauliza.

"Wa maji, Bibi."

"Basi mimi ndiye mto," Mjomba akasema, akajilaza sakafuni na tumbo lake lote. "Dada, niruke."

Mama alimruka na mkasi mkononi. Mto ukafumba macho na kuomba dua.

"Na shuka ukimfunika nalo mtu, liko 'over' pia," nikasema. "Na vitu vikizidi kumi, ni 'over' kumi. Na mchezo ukiisha, uko 'over'."

Bibi akaacha pamba. "Ngoja kwanza. Kuruka, hilo. Kufunika, hilo. Kuzidi, hilo. Hata kwisha, hilo hilo! Kwani wenzetu waligawiwa maneno kwa kijiko?"

"Na kupinduka, Bibi. Na kule ng'ambo. Na kitu kikimwagika kila mahali. Na kuzungumza huku mnakunywa chai."

"Chai nayo!"

"Na kulia kwa sababu ya kitu."

Bibi akatikisa kichwa. "Maskini neno la watu. Halina tofauti na wewe kitindamimba wetu. Kalete maji, kafunge mlango, katazame nani anabisha. Wakubwa wote wamekaa."

Nilicheka, lakini niliingiwa na huruma kweli. Tangu hapo nililiona hilo neno kama mtoto anayekimbia na ndoo mkononi, hata hajafika anaitwa tena.

Tulifanya mazoezi kila jioni. Mjomba alikuwa mto. Mama alikuwa mwenye kuruka na mwenye shuka. Bibi aliombwa apinduke na kiti akakataa katakata. "Mimi nikipinduka kwa umri huu, mtaitana mpaka wa mbali. Nipeni ile ya chai." Na kwa kuwa ilikuwa sebuleni, mbele ya watu wangu, sauti yangu ilitoka bila taabu.

Alhamisi niliondoka mapema. Sikuaga, nisije nikalia.

Wanafunzi walikuwa wamejaa. Safu ya mbele alikaa dereva wa lori mwenye mabega kama kabati, na pembeni yake muuguzi aliyevaa sare, ametoka zamu. Mkuu alikuwa nyuma kabisa, kalamu mkononi, kama alivyoahidi.

"Habari za asubuhi," nikasema.

Dereva akamwinamia muuguzi. "Mwalimu anasali?"

"Shh! Mwache amalize."

Nikaandika neno ubaoni. Chaki ikavunjika. Nikageuka, nikafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Nilimwona Mkuu akiweka kalamu mezani taratibu, kama mtu anayefunika sufuria isiyo na chakula.

Ndipo mlango ukafunguliwa mpaka mwisho. Akaingia Bibi, mikono mitupu.

"Hodi, wenyewe. Hapa ndipo," akawaambia waliokuwa nyuma. "Piteni, mlango mpana."

Akaingia Mjomba na chupa ya chai, akaingia Mama na shuka. Mjomba aliniangalia kwa masikitiko. "Mwanangu, kazi tumeijaribu wanne, unaipeleka peke yako? Hata mto ungeupata wapi?"

Kabla sijamjibu alikwisha kumkabidhi Bibi chupa, akasukuma meza mbili, akalala chali katikati ya darasa.

"Jamani, mzee amezimia!" dereva akapiga ukelele.

Muuguzi aliruka meza akatua kwa magoti, akamshika Mjomba mkono kutafuta mapigo. "Baba, unanisikia?"

"Nakusikia, binti. Mimi ni maji."

"Anaweweseka! Inueni miguu!"

Dereva akainua miguu ya Mjomba mpaka kiatu kimoja kikadondoka. Watu wakasimama juu ya viti waone. Mama, aliyezoea kwamba baada ya mto ni shuka, alikunjua shuka lake akamfunika kaka yake kuanzia vidole mpaka utosini.

"Wamemfunika!" mtu akalia huko nyuma. "Amekufa!"

Mkuu akainuka, akapita katikati ya zogo, akatoka nje. Niliona mgongo wake ukienda na kazi yangu.

"KAENI CHINI WOTE!"

Nilitazama huku na huku nione ni nani. Nilikuwa mimi.

"Dereva, achia miguu ya mjomba wangu! Mama, shuka liishie shingoni! Mjomba, mto hausemi!"

"Lakini huyu dada ananiminya..."

"Hausemi!"

Darasa lilikaa. Hata Bibi alikaa, kwenye kiti cha Mkuu. Nami nilikuwa bado nimewaka, sikuwa na nafasi ya kuona haya. "Muuguzi ameruka meza. Ameruka 'over'. Semeni!" Wakasema. "Shuka liko 'over' mto huu. Semeni! Mko watu zaidi ya kumi, 'over' kumi, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mzee kama anaumwa!" Wakasema kwa aibu. Bibi alikuwa kule, 'over' kule, anawamiminia chai wanafunzi wawili wenye duka, nao wakijadiliana kama mimi ni mkali hivi kila siku. Hayo mazungumzo nayo tukayapa neno lake. Dereva alimruka Mjomba mara tatu, hakuna aliyemtuma.

Kengele ilipolia ndipo nilipomwona Mkuu amesimama mlangoni.

"Nilikwenda kutafuta gari la wagonjwa," akasema. "Nilikuwa nimefika getini. Unajua kwa nini nilirudi?"

Nikatikisa kichwa.

"Nilimsikia mwalimu wangu akimnyamazisha mto." Alijaribu kukaza uso, ukamshinda. "Jumatatu unaanza. Neno la wiki hiyo ni 'under', yaani chini ya."

Mjomba, ambaye hata kile kiatu kilichodondoka hakuwa amekivaa tena, alianza kuipima meza ya mwalimu kwa macho. Akaingiza kichwa chini yake, kisha bega.

"Mjomba," nikasema, kwa sauti yangu ya kawaida tu.

Akatoka haraka, akagonga utosi.

"Ndiyo, mwalimu," akasema, na dereva aliyekuwa anamsaidia kukunja shuka akasema vilevile.