Jibu Alilopewa Edmund

Kule Kihesa, mjini Iringa, ukitaka kumpata fundi Kasian ulikuwa huna haja ya kuuliza mtu. Ulifuata kelele. Karakana yake ya useremala ilikuwa na meza moja ya kupigia randa na wanaume tele wasio na kazi, na randa ilipumzika kuliko midomo. Mkewe, Benedicta, alikuwa akimuuliza kabati la watu litaisha lini, naye hujibu kwamba limebaki vanishi tu, na vanishi yenyewe bado iko dukani. Jamani, mwanamume yule alijaliwa kuongea.

Habari kubwa ya kijiwe ilikuwa vita vya Urusi na Ukraine. Kasian alikuwa upande wa Urusi tangu mwanzo, tena kwa moyo wote, utadhani ana shamba kule. Alisema Urusi imebanwa kila upande, na mtu akibanwa lazima arushe ngumi. Alisema hao wanaoilaumu ndio hao hao waliotutawala, na Warusi ndio waliowapa bunduki ndugu zetu wa kusini mwa Afrika mpaka wakakombolewa. Mpinzani wake alikuwa Sedekia, mwalimu wa kwaya ya Kilutheri, mtu wa sauti ya chini asiyekubali kushindwa. Huyo alijibu kwamba bunduki zile zilitoka wakati Warusi na Waukraine wako nchi moja, na kwamba ukimvamia jirani na rungu huna haki, hata uwe na historia ndefu namna gani. Halafu wote wawili hukimbilia kwa Mkwawa, mtemi wao wa zamani aliyepigana na Wajerumani. Wahehe hawa, wangekwenda wapi kwingine? Kasian anasema Mkwawa hakukubali kuzungukwa. Sedekia anasema Mkwawa alikuwa kwake Kalenga, Mjerumani ndiye aliyefunga safari. Hapo kijiwe kizima kinalipuka, na kazi ya siku hiyo imeishia hapo.

Sasa, mtoto wao wa pekee, Edmund, waliyezoea kumwita Edi, alikuwa huko huko Urusi. Alimaliza sekondari Tosamaganga, akapata nafasi ya kwenda kusomea umeme wa viwandani. Ada ilipomshinda akaacha chuo, akawa anapakia mizigo kwenye ghala. Hayo alimweleza mama yake tu. Baba yake aliambiwa masomo yanaendelea vizuri.

Siku moja Benedicta alikuwa amepeleka chakula karakana, simu ya Edi ikaingia. Kasian, kwa sifa zake, akaweka spika ili wote wasikie mtoto anayepiga kutoka Urusi. Wakasalimiana. Kisha Edi akauliza taratibu, "Baba, hivi wewe unaionaje hii vita? Ni ya haki?"

Kasian akamkonyeza Sedekia. Leo ameulizwa swali kutoka uwanjani kwenyewe! Akaanza na Urusi kubanwa, akapitia bunduki za kusini, akamleta na Mkwawa, akamaliza kwa kusema ni vita vya haki kabisa na kijana mwenye akili zake hana sababu ya kuviogopa. Watu wakacheka na kupiga makofi. Edi akasubiri makofi yaishe.

"Sawa, baba. Nimekuelewa."

Benedicta alikuwa bado ameshika hotpoti. Alisikia kitu hakijakaa sawa katika sauti ile, lakini simu ilishakatwa na wanaume walikuwa wanamzomea Sedekia. Akapakua chakula, akarudi nyumbani.

Siku ile ya simu, Edi alikuwa amewekewa mezani mkataba wa jeshi la Urusi. Hilo walikuja kulijua baadaye sana, mvua zikiwa zimeshaanza, kutoka kwa Gideon, kijana wa Mbeya aliyekuwa akikaa naye chumba kimoja. Gideon alipiga simu analia. Alisema Edi amekufa vitani na hakuna mwili wa kuletwa. Alisema alimsihi asisaini, alimsihi sana, naye Edi akamjibu kwamba ameshamuuliza baba. Kasian aliyasikia hayo mwenyewe kwenye simu. Akakaa juu ya mbao zake, na tangu hapo hakuna aliyemsikia akitaja vita.

Msiba ukawekwa bila jeneza. Wakasimamisha turubai, wakaweka picha ya Edi kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa cheupe, na padri akakubali kuja kusoma misa nyumbani. Wanakijiwe wote walikuja. Walipasua kuni na kuchota maji bila kuinua macho. Likabaki jambo la wasifu wa marehemu, maana kwetu mtu haagwi bila kusomewa wasifu: amezaliwa wapi, amesoma wapi, mpaka chanzo cha kifo, na hapo ndipo kila mtu hutega sikio. Kasian mwenyewe alimwomba Sedekia asome.

Asubuhi ya misa Benedicta alimwita Sedekia nyuma ya jiko. Kasian alikuwepo, anapanga kuni zilizokwisha kupangwa.

"Shemeji," Benedicta akasema, "ukifika kwenye chanzo cha kifo, sema mwanangu amekufa akipigania haki."

Ee Mungu wangu. Maneno ambayo Kasian alimdai Sedekia kwa kelele siku zote hizo, leo yanaombwa na mama mfiwa, kwa sauti iliyokauka kwa kulia. Sedekia naye ni binadamu. Akasema, "Kama yatakusaidia, Mama Edi, nitasema."

"Usiseme," Kasian akasema.

Benedicta akamgeukia. "Si wewe uliyesema ni ya haki? Ulisema mbele za watu. Leo inakushinda nini?"

"Nilikuwa nabishana, Mama Edi. Mtoto aliniuliza, mimi nikawa nabishana na Sedekia."

"Basi mwanangu alikuwa anafanya nini kule? Kama si haki, ameingia nyumba za watu na bunduki. Ndivyo unavyotaka asomewe?"

Kasian alikaa juu ya kuni akalia kwa sauti, mtu mzima yule, mbele ya mkewe na mbele ya mpinzani wake. Benedicta alitaka kumpiga, na alitaka kumshika. Vyote viwili vikamshinda.

Wakati wa wasifu ulipofika, Sedekia alisoma vizuri, neno kwa neno. Alipofika kwenye chanzo cha kifo akasita, akamtazama Benedicta pale mkekani. Angeitikia kwa kichwa tu, Kihesa nzima ingemsikia mwanawe akiitwa mtu wa haki. Lakini akili yake ilikwenda kwa mwanamke mmoja huko Ukraine, amekaa chini kama yeye, amefiwa na mwanawe kwa risasi ya Edi. Je, angeweza kulisema neno hilo mwanamke huyo akisikia? Benedicta akageuza uso pembeni.

"Amefia vitani, mbali na kwao," Sedekia akasoma, akaendelea.

Padri akaalika watu wasali. Benedicta akapiga magoti pamoja nao. Wenzake walipokuwa wanamwombea Edi raha ya milele, yeye alimwomba Mungu mwanamke yule asiwepo popote, iwe Edi alikufa kabla hajaua mtoto wa mtu.