Baba Mkwe Hupinda Akiingia Majini

Siku Kalindi alipoanza kufanya marudio, alikifungua kitabu cha fizikia jikoni, akakiegemeza kwenye debe la unga, akakwama kwenye sentensi ya kwanza. Kitabu kilimtaka aseme kwamba mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Kwa lugha ya pale kijijini Kusmahi mwanga ni prakash, na Prakash ndilo jina la baba mkwe wake. Mke hataji jina la mumewe, wala la baba mkwe, wala la babu wa nyumba, na hata neno linalofanana na majina hayo halitoki mdomoni mwake. Akilitaja, anampunguzia umri mwenye jina. Kwa hiyo tangu aolewe, Kalindi alikuwa akiiomba taa kwa kusema "ile ya kuonea."

Nyumba nyingine zingesumbuliwa na neno moja tu. Yake ilikuwa imejaaliwa zaidi. Mumewe aliitwa Tarang, yaani wimbi. Babu, aliyeshinda uani akiota jua na blanketi mabegani, aliitwa Balram, na bal ni kani, ile inayosukuma na kuvuta kila kitu duniani, na ambayo kitabu kile hakikuweza kumaliza ukurasa bila kuitaja.

Shule ya wasichana ya pale kijijini haikuwa na mwalimu wa sayansi. Maabara ilifungwa tangu wa mwisho alipohamia mjini, na kuku walikuwa wakitaga mle kwenye droo za vifaa. Kalindi alikuwa ameiomba nafasi hiyo, na mtihani wa kuandika ameshaufaulu, kwa kuwa kalamu haina mwiko. Ulibaki wa mdomo, mbele ya mtahini, huko mjini. Mwakani umri wake ungekuwa umepita kikomo cha waombaji. Akianguka mara hii, basi tena.

"Wewe sema tu," Tarang alimwambia, akijipangusa unga wa kinuni masikioni. "Sitakufa."

"Hutakufa leo," Kalindi akamjibu. "Je, ukifa kesho? Watu waseme nimekuua kwa ajili ya somo la sauti?"

Mama mkwe aliyasikia hayo akiwa anakanda unga. Alikuwa mwanamke wa kauli fupi na mikono mizito.

"Soma, mwanangu," alisema. "Ukimfikia huyo wako, nyamaza. Nitamtaja mimi. Nimemzaa mwenyewe."

Wakaanza. Kalindi akasema, "Sauti ni..."

"Tarang!" akaitikia mama mkwe.

"...inayohitaji kitu cha kupitia. Mahali patupu haiwezi kusafiri."

"Hapo kweli. Asipokula huyo hatoki hata mlangoni."

Walipofika kwenye mwanga wakakwama wote wawili, maana mama mkwe naye hakuwahi kumtaja mumewe tangu alipoletwa pale akiwa bibi arusi. Ikabidi Bibi, mama yake baba mkwe, aitwe. Bibi alikuwa kizee mdogo kama mtoto wa darasa la tatu, na alifurahi kupita kiasi kwamba kuna kazi anayoiweza yeye peke yake.

"Prakash!" alipiga kelele kabla hata hajakaa. "Nimemnyonyesha mimi! Prakash! Prakash! Niendelee?"

"Ngoja kwanza, Bibi, sijauliza."

Lakini kani ilimshinda hata Bibi, kwa kuwa Balram alikuwa mumewe. Aliyeweza kuitaja bila hofu ni mama yake Balram, naye alikwisha kufa zamani, enzi za chifu, na maiti yake ikachomwa kando ya mto. Baada ya kushauriana, wakakubaliana kwamba kila inapofika kani Bibi atapiga sufuria kwa mwiko. Hivyo kanuni kubwa kuliko zote ikawa: *ngaa!* ni sawa na tungamo mara mchapuko.

Marudio yakaenda vizuri. Tatizo lilikuwa kwamba Bibi husinzia. Akisinzia, Kalindi alilazimika kulizungukia neno mwenyewe, kwa namna ya adabu ambayo wake wote wa pale huijua, yaani kumtaja mtu kwa udugu wake. Na upande wa pili wa ukuta alikaa Dulari, jirani, aliyekuwa na masikio mazuri ila hakuwa na kitabu.

Jioni moja baba mkwe alirudi kutoka kibanda cha chai akiwa hata kikombe hakukimaliza. Alisimama uani. Kalindi akavuta sari mpaka kidevuni, na kwa kuwa baba mkwe na mke wa mwanawe hawasemezani moja kwa moja, mzee alizungumza na mkewe.

"Mama Tarang. Muulize mkamwana. Ni kweli amesema mimi hupinda nikiingia majini?"

Kalindi akamnong'oneza mama mkwe. Mama mkwe akajibu, "Anasema ni kweli."

"Na kwamba nikipita kwenye tundu dogo natokea upande wa pili kichwa chini miguu juu?"

Wakanong'onezana tena. "Anasema hilo limehakikishwa."

"Limehakikishwa na nani? Nani ameniona?"

"Wazungu," alisema Bibi, aliyeamka wakati huo.

"Na baba yangu je? Pale chai wanasema baba akiusukuma ukuta, ukuta nao unamsukuma yeye. Mzee wa watu! Watu wanakuja kumtazama!"

Babu Balram alifunua blanketi. "Lakini ni kweli," alisema taratibu. "Jana niliuegemea. Nikauhisi."

Ilichukua muda mrefu kumweleza Prakash kwamba hatajwi yeye, inatajwa ile ya taa. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kupitia kwa mkewe kama huyo wa taa ana kasi.

"Anasema hakuna kinachomshinda mbio."

"Hilo Dulari hakulisema pale chai," alisema mzee. Akaagiza baiskeli itiwe upepo, kwa sababu atampeleka mkamwana mtihanini yeye mwenyewe.

Mtahini aliitwa Bwana Ojha, mwenye miwani iliyofungwa uzi na chai iliyopoa mbele yake. Baba mkwe aliambiwa asubiri kwenye benchi la nje. Mlango ukafungwa. Kalindi akabaki peke yake, bila Bibi wala sufuria.

"Tuanze na mepesi, binti. Kioo kinafanya nini?"

"Kinamrudisha baba mkwe," alisema Kalindi. "Kwa pembe ileile aliyoingia nayo."

Bwana Ojha aliinua kichwa. "Sikuuliza habari za nyumbani. Kanuni ya pili ya mwendo?"

"Babu ni sawa na tungamo mara mchapuko."

"Babu?"

"Ndiyo, bwana. Huyo huyo akiwa maradufu, na tungamo lisibadilike, mchapuko nao unakuwa maradufu."

"Na sauti?"

"Ni mume wangu. Husafiri bila kuhamisha vitu."

Bwana Ojha alivua miwani. Alikuwa mtu mpole, aliyezoea watahiniwa wanaolia na wanaozimia, ila huyu alijibu kila kitu sawasawa na hakutaja kitu hata kimoja. Kwa subira akamwambia kwamba ameelewa, na hata kwao ni hivyo hivyo. Lakini fomu ya mtihani inasema mtahiniwa ayataje maneno ya somo. Na alitaje kila neno mara moja tu. Hata kwa kunong'ona. Mzee aliye nje hatasikia.

Kalindi alitazama mlango. Kupitia upenyo wa chini aliviona viatu vya baba mkwe, vimetulia. Mdomo wake ulikwisha kufunguka kidogo. Akaufunga.

"Bwana, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Mkeo anakuitaje?"

Bwana Ojha alifikiri. "Husema, 'Unasikia?'"

"Siku zote?"

"Tangu tuoane. Watoto wakubwa sasa."

"Na ukiitwa hivyo, unajua ni wewe?"

"Nani mwingine? Naenda."

"Basi, bwana, yeye hakujui jina?"

Nje mtu alikuwa akiuza karanga, na sauti yake ilikuja mpaka dirishani ikapita. Bwana Ojha alitazama chai yake kama mtu anayetaka kujua ilipoa saa ngapi.

"Analijua," alisema mwishowe. "Tena analijua kuliko mimi." Akachukua kalamu, akaiweka tena. "Sawa. Lakini hao wasichana utawafundishaje? Darasa zima litaondoka likiamini dunia inasukumwa na babu yako."

"Nitaeleza, bwana, halafu nitauliza ni kitu gani. Wao watalitaja kwa sauti. Hawajaolewa."

"Na wakiolewa?"

"Watakuwa wameshajua," alisema Kalindi.

Bwana Ojha akaichukua tena kalamu, na safari hii akaandika.