Uzi Uliochomwa

Bwana Subira si jina lake. Tulimbandika sisi wapimaji, kwa sababu kila ukimuuliza jambo hujibu, "Subira huvuta heri." Ndiye mkuu wa mauzo wa kiwanda chetu cha prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na hiyo heri sijaiona ikivutwa hata mara moja.

Jumatatu nilisimama mkutanoni nikauliza prosesa mpya itatoka lini. Mpya gani, jamani! Imekaa kabatini miaka minne, na ni ileile ya madukani, ila hii haijachomwa. Ile ya madukani tunachoma uzi mwembamba ndani yake ili iende nusu ya kasi yake, tupate cha kuuza baadaye. Uzi ukishachomwa haurudi.

"Ya zamani bado inanunuliwa," akasema. "Sufuria ina chakula, unainjika nyingine ya nini?"

"Basi nipe moja tu. Mdogo wangu ana usaili Ijumaa."

"Nikikupa wewe, nimnyime nani? Subira, dada."

Wenzangu wakainamia karatasi zao. Funika kombe mwanaharamu apite. Nilitoka bila kuaga.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ni kiziwi tangu utotoni. Kompyuta yake, yenye prosesa yetu ya madukani, husikiliza watu na kuandika wanachosema, lakini maneno huchelewa. Wiki iliyopita alisailiwa kazi ya maktaba. Wao walikuwa kwenye swali la tatu, yeye anajibu la kwanza. Wakatazamana, wakacheka. Mmoja tu alimwonea huruma, akaomba aitwe tena Ijumaa. Ndiyo nafasi yake ya mwisho.

Niliporudi nyumbani Jumatatu hiyo nilimkuta mezani, shati la usaili limeshapigwa pasi. Nyumbani huongea kwa ishara, ila siku hiyo alitaka nimsaili kwa sauti, kama wale watakavyofanya. Nikauliza. Akaikodolea macho skrini, akangoja, akajibu. Nikauliza tena. Akangoja tena. Jasho lilimtoka.

"Dada, kompyuta haina kosa," akasema mwishowe. "Kichwa changu ndicho kizito. Nimeanza mazoezi ya kufikiri haraka."

Nilitaka kupasua kitu. Kijana mwenye akili kuliko sisi sote anajilaumu, na Bwana Subira anakunywa chai! Lakini nani alikuwa akichoma nyuzi zile? Bwana Subira hajui hata mashine inawashwaje. Nilichoma mimi, nikapokea mshahara, nikalala usingizi.

Niliinua mikono nimwambie kwa ishara, ikakataa. Nikaificha chini ya meza, nikasema kwa sauti:

"Si wewe. Kichwa chako si kizito. Ni mimi niliyeichoma prosesa yako."

Akageukia skrini na kungoja. Yakatokea maneno, "Si wewe." Akatabasamu, akanishika bega kunishukuru. Maneno mengine yalikuwa bado yanakuja.