Mheshimiwa Amekuja Kumenya Viazi

Mheshimiwa Warigia alikuja kwenye matanga ya baba siku ya pili. Akavua viatu vyake vya ngozi, akaazima leso, akaketi chini na wanawake wenzake kumenya viazi.

Sikuwa nimewahi kuona diwani akimenya viazi. Siku hizi watu huwaita MCA, lakini tabia ni ile ile. Hema hufika kwanza, limeandikwa jina lao ubavuni, nao huja watu wakishajaa, husalimia kwa mikono miwili na kuondoka kabla ya chai. Huyu alikuja mchana, wakati hakukuwa na umati wa kumwona. Alimenya beseni zima, na alimenya vizuri, maganda membamba.

"Mheshimiwa, utaharibu kucha," Mama Kim alimwambia. Huyo ni Teresiah, jirani yetu wa ukuta mmoja tangu nizaliwe.

"Kucha zitaota, Mama Kim. Kura ndiyo haioti."

Wanawake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naitazama mikono yake, nikijiuliza imekuja kuchukua nini.

Baba yangu, Mzee Phares, alikuwa fundi wa mabomba wa kanjo, baraza la jiji. Alipostaafu, wapangaji wa mtaa wetu wa Shauri Moyo walimfanya mwenyekiti wao, na kazi yake ikawa kukataa. Kaunti ilitaka kubomoa nyumba zetu za zamani na kujenga maghorofa. Sisi tuhame kwanza, turudi yakikamilika. Baba alisema hakuna atakayetoka mpaka kila familia ionyeshwe, mbele ya watu wote, mlango itakaourudia. Warigia naye alichaguliwa kwa ahadi ya maghorofa hayo. Walibishana uwanjani mara nyingi, yeye na kipaza sauti, baba na fimbo yake. Mkutano wa kukata shauri ulikuwa ufanyike wiki moja baada ya mazishi, na kila mtu alikuwa akisema jambo moja: tutasimama aliposimama Mzee.

Kwa hiyo nilijua anachotafuta. Hapa kwetu, marehemu hapelekwi mashambani moja kwa moja kutoka mochari. Gari hupita mtaani kwanza, jeneza linawekwa chini ya hema, na watu wanazungumza mmoja mmoja wakiwa wamesimama upande wa kichwa. Yanayosemwa pale hayajibiwi. Hakuna anayembishia mtu mbele ya maiti, hata kama kila mtu anajua anadanganya. Kama Warigia angesimama pale na kusema kwamba Mzee Phares alikubali kabla ya kufa, hakuna ambaye angesema hapana, na mkutano ungekuwa umekwisha kabla haujaanza.

Nilimwambia kaka yangu Sylvance, aliyekuwa msimamizi wa shughuli, kwamba mheshimiwa asipewe nafasi ya kuzungumza.

"Tumnyime mic? Na hiyo basi ya kwenda kuzika nyumbani Ugenya ni ya nani? Ama tutambeba mzee kwa mgongo?"

"Atasema nini akipewa?"

"Atasema pole. Jacky, wewe kila mtu unamshuku. Hata pasta ulimshuku juu ya kula mara mbili."

"Alikula mara tatu."

"Ona sasa." Akaenda zake kupanga viti.

Jioni hiyo Warigia aliinua sufuria ya viazi na kuipeleka jikoni. Mlango wetu wa jikoni umeinama tangu nikiwa mdogo. Usipouinua kidogo kwa kitasa huku ukiusukuma kwa goti, haufunguki, na wageni wote huugonga na kutuita. Warigia hakugonga. Aliuinua, akausukuma kwa goti, akaingia.

Nilimfuata.

"Mheshimiwa, huo mlango umeujulia wapi?"

Aliiweka sufuria juu ya meza. Hakujifanya hajanielewa, na hilo lilinitia hofu zaidi.

"Nimewahi kuja hapa."

"Lini?"

"Baba yako akiwa mgonjwa, wewe ukiwa kazini sokoni Gikomba. Nilikuwa nampikia chai. Hakuwa na nguvu ya kusimama."

"Nani alikuruhusu?"

"Yeye ndiye aliniita."

Hapo niliketi. Baba hakuwahi kuonana na mkubwa peke yake. Maafisa wa kaunti walipomwita, alichukua majirani wawili akaenda nao, na waliporudi walisimama wote watatu kwenye bomba la maji na kuwaeleza wapangaji kila neno. Alikuwa akituambia kwamba mkubwa akikupata peke yako, kesho yeye ndiye atakayewaeleza watu ulichosema.

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Hakuna."

"Mliongea nini?"

"Nikikuambia, Jacky, utaniamini?"

Nilifikiri. "Hapana."

"Basi wacha nitaongea siku ya kumuaga."

"Kwa nini mbele ya jeneza?"

"Kwa sababu hapo wataniamini," alisema, na sauti yake haikuwa ya ubaya hata kidogo. Alifungua mfereji, akaanza kuosha viazi.

Nilienda moja kwa moja kwa Mama Kim. Alikuwa akiloweka maharagwe.

"Mheshimiwa alikuwa akija kwa baba?"

Hakuinua kichwa. "Alikuja. Bila gari, amejifunga kitambaa. Mara ya kwanza nilidhani ni mama wa kanisa."

"Na hukuniambia?"

"Baba yako alinikataza. Aliniambia, Teresiah, mimi si mtoto wa kuripotiwa." Akapangusa mikono. "Mimi ningefanya nini, mami? Ningemshtaki kwa binti yake?"

Nilirudi nyumbani nikasimama kwenye chumba cha baba. Kitanda kilikuwa kimeshatolewa ili wageni wapate nafasi, na sakafu ilikuwa na alama nne za miguu yake. Sikuwa namshuku Warigia tu tena. Nilikuwa namshuku baba, naye yuko mochari, hawezi kujitetea. Huenda alikubali kweli. Huenda alichokiita yeye chai tu, diwani alikiita makubaliano. Nilizigeuza siku zile zote za ugonjwa wake, nikitafuta neno moja alilonidokeza. Alikuwa ameniuliza mara kwa mara kama paa linavuja upande wangu. Sikupata zaidi ya hilo.

Siku ya kuaga nilimwambia Sylvance nitazungumza kabla ya mheshimiwa.

"Wewe? Tangu lini?"

"Tangu leo."

Watu walijaa mpaka barabarani. Jeneza lilikuwa chini ya hema lenye jina la Warigia. Sylvance aliponipa kipaza sauti nilikishika kwa mikono miwili.

"Nyinyi mnamjua baba," nilisema. "Alipokuwa na neno la wapangaji aliwaita wote kwenye bomba, akalisema mkisikia. Hakuwahi kumtuma mtu. Kwa hiyo kama kuna neno lake ambalo hakuwaita mlisikie, hilo si neno la mwenyekiti wenu. Ni hayo tu. Asanteni kwa kutusaidia kulia."

Watu wakaitikia kwa sauti ya chini, ndiyo, ni kweli. Sikumwangalia Warigia alipopita karibu yangu. Alisimama pale pale niliposimama, kipaza sauti mkononi, kimya kikawa kirefu hadi Sylvance akakohoa. Nilikuwa nimelisema mbele ya maiti, na yanayosemwa pale hayajibiwi. Hata na diwani.

"Mzee Phares alinipinga bila kunitukana," alisema mwishowe. "Si wengi. Poleni sana familia." Kisha akaanzisha wimbo wa kanisani, na watu wakamfuata.

Nilijua basi kwamba wapangaji hawatatetereka kwenye mkutano. Ningepaswa kufurahi.

Tulipoingia kwenye basi nilikaa dirishani. Warigia alikuja upande wangu, akashika ukingo wa dirisha kwa vidole. Kucha mbili zilikuwa zimevunjika.

"Alikuwa amechoka, Jacky," alisema polepole, wengine wasisikie. "Hakutaka wewe uzeekee kwenye kuta hizi. Alichoniuliza ni kama utapata nyumba, wewe peke yako, hata wengine wakikataa."

Nilimtazama usoni. Inawezekana ni kweli. Inawezekana pia ni maneno ya mtu mwenye mkutano wiki ijayo, anayejua kwamba binti wa Mzee akinyamaza mkutanoni, mtaa utauliza kwa nini.

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia ndiyo."

"Asante kwa basi, Mheshimiwa," nikasema, nikavuta kioo.

Dereva akawasha gari. Sylvance aliinama kutoka kiti cha nyuma. "Amekuambia nini?"

"Ametutakia safari njema."

Alinitazama kama mtu anayetaka kuuliza tena, kisha akaegemea kiti chake, akafumba macho.