Kunguru Aliyejua Ufagio

Mwaka 2013, katika soko la pamoja la wenyeji na wakimbizi kwenye kambi ya Nyarugusu, muuza maandazi Abdalah wa Kasulu alikuwa akiibiwa. Siku tatu mfululizo, kila akitoka msikitini, alikuta kitambaa cha beseni kimefunuliwa, jiwe la kukikandamiza liko chini, na maandazi mawili hayapo. Akamgeukia jirani yake Louise, mkimbizi wa Kikongo aliyeuza mboga.

Hoja yake ilikuwa nyepesi. Mfanyabiashara wa pale akienda kuswali hulaza ufagio mlangoni, na hakuna mwenyeji anayeuvuka. Basi mwizi ni mgeni, tena mwenye mikono ya kuinua jiwe.

"Mi siko mwizi, Papa Abdalah," Louise alisema. "Mukinitosha hapa, mukinifukuza, watoto watakula nini?"

"Utamweleza mwenyekiti wa soko kesho. Meza hiyo utaiacha."

Kesho yake Abdalah alitaka kwanza kumfumania. Ilipoadhiniwa adhuhuri akalaza ufagio, akajibanza nyuma ya magunia ya ngano, akimwomba Mungu msamaha kwa kuchelewa swala.

Aliyekuja ni kunguru. Alitua kwenye bati la jirani, akautazama ufagio, ndipo akashuka. Akalisukuma jiwe kwa mdomo mpaka likaanguka, akavuta kitambaa, akaruka na andazi.

Kabla hajarudi, Abdalah akausimamisha ufagio ukutani, akajificha tena. Kunguru akaja, akachungulia, akakaa zake batini, kisha akaondoka. Abdalah akaulaza. Safari hii kunguru huyo, moja kwa moja kwenye beseni!

"Subhanallah," alinong'ona. Hasira zote zilimwisha. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Huyu hana hata unywele mmoja, na bado alikuwa amewasoma wafanyabiashara wa soko zima kwa kuwatazama tu. Abdalah alifurahi kama aliyepewa zawadi, akatoka mbio kumwita Louise.

"Mama Louise, nimekukosea, nisamehe. Mwizi ni kunguru! Ufagio ukilala, anajua sipo!"

Louise aliutazama ufagio.

"Kumbe ile ufagio iko na maana? Mwaka ya pili niko hapa, mi naonaka tu munaisahau chini. Kunguru alijifunza yeye mwenyewe, na munamusifu. Mi hakuna mutu alinielezaka, na mulitaka kunifukuza."

Aibu ilimshika Abdalah. Akamsogezea kigoda, akaanza kumweleza desturi za soko.